Kujitolea kwa Nani? Msomi wa Kiswahili Mlangoni mwa Mashirika ya Hisani ya Migori na Homa Bay

Kila muhula unapokaribia ukingoni, wanafunzi wa mwaka wa nne hunijia na swali ambalo sasa nalijua kabla halijawatoka kinywani: "Dada, hujasikia shirika lolote linaloandika watu huko kwenu?" Kwetu ni Rongo, Kaunti ya Migori. Kwa mtafuta kazi, jina la Migori, kama lile la jirani yake Homa Bay, limekuwa kwa miaka mingi sawa na jina la mashirika. Sisi tuliokulia kando ya barabara kuu tulijifunza kusoma kwa kusoma milango ya magari yao.

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kina kuliko ninavyoweza kulijibu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za maktaba. Natanguliza kukiri kwamba mimi si mtazamaji wa kando. Nilijitolea katika shirika moja kwa miezi kumi na mmoja, nikaajiriwa kwa mwaka mmoja usiotimia, kisha nikaachishwa kazi kwa barua yenye mistari minne. Msomaji atakayeona kwamba maoni yangu yana uchungu, nampa haki yake. Nami naomba nipewe yangu ya kusikilizwa hadi mwisho.

Kwanza tuulize: kwa nini mashirika? Kwa nini kijana wa kando ya ziwa anapohitimu huwaza kwanza hisani, kabla ya kiwanda, benki au shamba? Ajira chini ya paa la hisani si jambo la jana kwetu. Misheni ya Waadventista iliweka makao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baada ya muda pakawa na shule na mtambo wa kupigia chapa. Vijana wa mwanzo waliojua kusoma wakapata hapo njia ya kuishi kwa kalamu. Hata hivyo, yaliyokuja mwishoni mwa karne yaliyapita hayo kwa mbali. Ukimwi ulitupiga kuliko ulivyopiga sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifika Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 hospitali ya mji huo ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Mwaka 2003 Marekani ilianzisha mpango wake mkubwa wa kukabiliana na ukimwi, PEPFAR, na fedha zikaanza kumiminika. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay, na asilimia 13.0 Migori, walikuwa wakiishi na virusi, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Penye msiba mkubwa ndipo penye matanga makubwa, na matangani hapakosi kazi ya kufanya.

Si mashirika yote yaliyotoka ng'ambo. Kule Lwala, Kamagambo Kaskazini, wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe wakachanga nauli ya ndege ya kijana wao, Milton Ochieng', aliyepata nafasi ya kusoma Marekani. Wazazi wake walipofariki kwa ukimwi, yeye na nduguye Fred walikamilisha kituo cha afya ambacho baba yao alikuwa ameanza kukipanga, nacho kikafunguliwa mwaka 2007. Nitairudia Lwala hapa chini, kwa kuwa ina funzo linalotuhusu zaidi ya hilo la kuku.

Kwa hiyo mlango ulikuwepo, na ulikuwa mpana. Aliyesomea uuguzi, takwimu, maendeleo ya jamii au uhasibu aliingia kwa kubisha mara moja. Aliyesomea Kiswahili alibisha, akaulizwa: "Kiswahili? Sasa utatufanyia nini?" Mimi niliulizwa hivyo katika ofisi tatu za Migori na mbili za Homa Bay, na mara zote muulizaji aliniuliza kwa Kiswahili.

Mwaka 2023 ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilinikubali kwa masharti ya kujitolea. Hapakuwa na mkataba. Palikuwa na kitabu cha mahudhurio, na fulana. Siku za kwenda nyanjani tulipewa shilingi 500 za chakula. Siku za ofisini hatukupewa kitu. Nauli yangu kutoka Rongo hadi Migori na kurudi ilikuwa shilingi 300. Katika miezi kumi na mmoja nilihudhuria siku 220, kwa hesabu ya kitabu chao wenyewe, nami nikatumia shilingi 66,000 kwa nauli pekee. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwangu, maana mfuko sikuwa nao. Zilitoka kwa mama yangu, anayeuza omena kwa gorogoro sokoni Rongo. Kila Jumapili usiku alihesabu noti za wiki nzima, akazifunga kwenye kitambaa na kunikabidhi akisema, "Nyara, mwisho wao watakuona." Ripoti za mwaka za shirika lile ziliorodhesha wafadhili kwa majina na nembo. Jina la mama halikuwemo, ingawa kwa mwaka mzima alilipia ofisa mmoja wa uhamasishaji.

Naomba tulitazame neno lenyewe, kwani sisi ni watu wa maneno. Kitenzi *kujitolea* kina mzizi wa *toa*, kiambishi *-ji-* cha kujirejelea, na mnyambuliko wa kauli ya kutendea. Kauli ya kutendea, kama tulivyofunzwa, hudai mtu wa kutendewa: huwezi kutolea hewa. Ajitoleaye hana budi kuwa na kitu cha kutoa, na pawe na mtu mwenye haja anayetolewa. Mwenye shibe anapompa mwenye njaa, kitenzi kimetumika mahali pake. Je, mwenye njaa anapompa mwenye shibe, tukiiteje kitendo hicho? Katika sentensi ya "Mimi nilijitolea katika shirika", shamirisho kitondo halikuwa mgonjwa wa Nyatike. Mgonjwa angehudumiwa vilevile na mtu aliyelipwa. Aliyetolewa ni bajeti ya shirika.

Mababu zetu hawakuwa na ukungu huu. Waluo wana *saga*, na majirani zetu Wakuria na Wakisii wana *risaga*: watu hukusanyika kulima shamba la mmoja wao, na mwenye shamba huwapikia. Kiswahili kina msaragambo na ujima. Aliyelimiwa shamba akawaacha wenzake waende na njaa, mwaka uliofuata alilima peke yake. Kazi ya pamoja ilikuwa na ugali ndani yake, na zamu yako ya kulimiwa ilikuwa inakuja. Zamu hiyo ndiyo iliyokosekana katika fulana yangu.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu hilo si la kupuuzwa. Kuna mashirika madogo, hasa yale yaliyoanzishwa na wajane au vijana wa vijijini, ambayo hayana hata fedha za kodi ya chumba. Mwanzilishi mwenyewe hapati mshahara. Kwa hao sina neno. Ajitoleaye pale anajua anampa nani. Pili, kujitolea kulinifaa: niliajiriwa Februari 2024 kwa sababu nilikuwa nimeshajulikana. Sikatai. Lakini tulijitolea vijana tisa na tukaajiriwa wawili. Mwenzetu mmoja, mhitimu wa Jiografia na hodari kunishinda, aliacha mwezi wa nne kwa kuwa hakuwa na mama wa kuuza omena. Utaratibu huu hauchuji uwezo wa kazi, unachuja uwezo wa kukaa bila mshahara. Ajabu ni kwamba unaendeshwa na watu ambao dhamira yao iliyoandikwa ukutani ni kuwainua maskini.

Sasa nije kwenye swali la "utatufanyia nini?", ambalo naona ndilo kiini cha makala haya.

Mji wa Migori si wa lugha moja. Kuna Dholuo, kuna Kikuria upande wa Kehancha na Isebania, kuna Ekegusii na Kiluhya, na wafanyabiashara waliotoka kila pembe. Penye mchanganyiko huo, Kiswahili ndicho kinachomwezesha muuguzi kutoka Kakamega kusikilizana na mama kutoka Kuria Mashariki. Isitoshe, mpaka wa Tanzania uko palepale Isebania. Ng'ambo ni Sirare, na mbele kidogo Tarime. Watu huvuka kwenda sokoni, kwenye arusi, na hospitalini pia. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini kwa watu wa mpakani jambo hilo halikuhitaji katiba.

Siku moja nilikuwa katika kliniki karibu na mpaka, nikigawa vijikaratasi. Vilieleza kwamba mtu anayemeza dawa vizuri hufikia hali ambapo kipimo hakivioni virusi, na mtu wa hali hiyo hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Ujumbe ni wa kweli na ni wa faraja kubwa. Tafsiri iliyotumwa kutoka Nairobi ilisema kwa herufi nzito: *Virusi havionekani tena mwilini.* Mama mmoja wa makamo alikisoma, akakikunja, akaniambia:

"Binti yangu, hii nyingine ninayo nyumbani. Niliisoma nikashukuru Mungu."

Nikamuuliza kama anaendelea vyema na dawa.

"Za nini tena? Nyinyi wenyewe mmeandika havionekani. Kitu kikiwa hakionekani nyumbani, si kimeondoka? Mimi niliacha mwezi wa saba."

Ilikuwa ni mwezi wa kumi. Nilihisi miguu ikilegea. Nikaketi naye kwenye benchi, nikajaribu kueleza kwa maneno niliyoyajua: virusi vimepungua, virusi vimejificha. "Vimejificha" ikamtisha, "vimepungua" haikumshawishi. Mwishoni ni yeye aliyenisaidia. Alisema: "Kwani ndiyo ile ya dada yangu wa Sirare? Wao wanasema dawa za kufubaza." Nikamwambia, ndiyo, mama, ni hiyohiyo. Kitu kilichofubaa kimepoteza nguvu na mng'ao, lakini kipo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kikipata nafasi kitang'aa tena." Alirudi kwa tabibu mchana uleule, na nilimwona kliniki mara mbili baada ya hapo, kadi mkononi.

Watanzania husema *dawa za kufubaza virusi*. Sisi Kenya tumezoea *dawa za kupunguza makali*. Nilikuwa nimeziona istilahi hizo mbili darasani, katika somo la usanifishaji, nikaandika insha na kupata alama nzuri. Sikuwa nimewaza kwamba tofauti yake inaweza kuwa miezi mitatu ya mtu bila dawa.

Niliandika upya kijikaratasi kile: *Virusi vimefubaa. Kipimo hakivioni, lakini vimo. Endelea kumeza dawa kila siku.* Nikakipeleka ofisini. Nikaambiwa kwamba nakala zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa na kulipiwa, na mabadiliko yatasubiri awamu nyingine. Awamu hiyo ilikuja baada ya miezi minne, na sentensi zangu zikaingia. Tafsiri yenye kosa ilikuwa imelipiwa kwa kila neno. Masahihisho yake yalipokewa bure, kwa kuwa mimi nilikuwa nikijitolea. Tangu siku hiyo sijaona haya mtu akiniuliza Kiswahili kina kazi gani.

Wala si kisa changu pekee. Katikati ya muongo wa 2010, shirika la GiveDirectly, linalowapa watu maskini fedha taslimu bila masharti, lilipoingia Homa Bay lilikuta watu wengi wakizikataa kuliko ilivyokuwa kwingine. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba fedha za bure za namna hiyo zina mkono wa shetani. Shirika lenyewe lilieleza jambo hilo hadharani, nami nalisifu kwa hilo. Mhasibu atastaajabu mtu akikataa fedha. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatastaajabu hata kidogo: amesoma visakale na visasili, na ameshasikia hadithi ngapi za mali inayotolewa usiku na kudaiwa roho alfajiri? Kuusikiliza uvumi kama utanzu, kutambua hofu iliyoubeba na kuijibu kwa lugha yake, ni taaluma kamili, na tunaifundishwa kwa miaka minne. Kisha tunaenda kwenye mahojiano tukisema, "Naweza pia kutumia kompyuta."

Kisiwani Mfangano, Homa Bay, waliliona hili mapema. Kituo cha vijana cha Ekialo Kiona kilianzisha redio ya jamii, na Kisuba, lugha ambayo wengi walikuwa wameanza kuiandikia tanzia, kikasikika hewani pamoja na habari za afya.

Nirudi kwenye mlango, maana umebadilika. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90, na siku chache baadaye mashirika yakapokea maagizo ya kusitisha kazi. Mwezi wa Machi serikali hiyo ilitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID ingefutwa, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 shirika hilo lilikuwa limekoma kuendesha misaada. Kwetu habari haikuja kwa mafungu hayo ya tarehe. Ilikuja asubuhi moja, funguo za magari zikikusanywa katika karatasi ya bahasha. Wenzangu waliokuwa na mikopo ya benki walisimama uani wakipiga simu. Kliniki za pekee za waishio na virusi zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za hospitali, na wagonjwa waliozoea kumjua mhudumu wao kwa jina wakapanga foleni na wenye mafua.

Kisha, tarehe 4 Desemba 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano ambao sehemu ya Marekani ilitajwa kuwa dola bilioni 1.6. Tofauti yake na yaliyotangulia ni kwamba fedha zimekusudiwa kupitia kwa serikali badala ya mashirika. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kipengele cha kupeana data za wagonjwa. Mambo ya mahakama nawaachia wanasheria. La kututosha sisi ni kwamba anayemaliza shahada leo akitarajia ule mlango mpana wa 2010 anabisha ukuta.

Na ndipo hofu yangu inapozidi. Uhaba wa fedha ni kisingizio kizuri cha kazi ya bure. Nimeshaona matangazo yanayomtaka "mwanagenzi" mwenye shahada, tajiriba ya miaka miwili, pikipiki yake na leseni, bila malipo, kwa miezi kumi na miwili. Mengine ni ulaghai mtupu: hutaka shilingi elfu moja au mbili za "usajili" kwa njia ya simu, na shirika lenyewe halipo. Tangu tarehe 14 Mei 2024, Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013 ilipoanza kutumika, kuna Mamlaka inayosimamia usajili wa mashirika haya, na mtu anaweza kuulizia kama shirika limesajiliwa kabla ya kupanda matatu.

Liko jingine, ambalo huzungumzwa bwenini na halizungumzwi ukumbini. Wasomaji wa kando ya ziwa wanaijua *jaboya*: mchuuzi wa kike hapewi samaki mpaka ampe mvuvi mwili wake. Mashirika yameendesha semina nyingi dhidi ya jaboya katika fuo zetu, na yamefanya vyema. Lakini wasichana wenzangu wawili, katika ofisi mbili tofauti, waliniambia kwamba barua ya ajira iliwekwa mezani kwa masharti yaleyale ya ufuoni, na katika mojawapo ya ofisi hizo bango la semina lilikuwa ukutani. Wote wawili waliondoka. Mmoja sasa anauza nguo za mitumba Awendo. Kijana asiyelipwa, asiye na mkataba, anayemtegemea mtu mmoja amkumbuke nafasi itakapopatikana, amewekwa palepale anapowekwa mchuuzi wa omena saa kumi za alfajiri.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na inataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Lakini sheria hiyo inamfafanua mwajiriwa kuwa mtu anayefanya kazi kwa ujira au mshahara, pamoja na mwanagenzi wa ufundi. Ajitoleaye, kwa kuwa hapewi ujira, yuko nje ya ua. Yaani kosa la kutomlipa ndilo linalomnyima ulinzi wa kulipwa.

Wapo watakaosema haiwezekani. Hapa ndipo ninapoirudia Lwala. Pale wahudumu wa afya wa vijijini, wakiwemo wakunga wa jadi tunaowaita *nyamrerwa*, walipewa mafunzo, usimamizi na malipo wakati ambapo desturi ya nchi nzima ilikuwa kuwaita watu wa kujitolea na kuwapa fulana. Mwaka 2023 serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, iliwaahidi posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Si fedha nyingi, na si kila mwezi zimefika kwa wakati. Hata hivyo kazi iliyokuwa "moyo wa kujitolea" imepata jina katika bajeti. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi nao walipogoma mwaka 2024 wakidai ajira ya kudumu, waliambiwa wavumilie, hawakuvumilia.

Sisi tuko wapi? Tunaisoma *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, tunachambua mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948, tunaandika kurasa kumi juu ya utabaka na unyonyaji, na alasiri ileile tunatia saini kitabu cha mahudhurio cha mtu asiyetulipa nauli. Nasema "sisi" kwa kuwa nami nilikitia saini mara 220.

Kwa anayetaka kubisha mlango leo, nitasema machache. Usiende na bahasha ya vyeti pekee. Chukua kijikaratasi chochote cha afya, kilimo au haki za watoto kilichotafsiriwa vibaya, nawe hutakosa, kisahihishe, ueleze kwa aya moja msomaji wa Kehancha angekielewaje, ukiambatishe na barua yako. Hudhuria baraza la chifu, usikilize watu wanavyoyaita mambo kabla hujawafundisha majina mapya. Bisha pia milango ambayo haitangazi: hospitali za misheni, idara za kaunti ambazo sasa zinarithi kazi za mashirika, redio za jamii, watafiti wanaohitaji fomu za ridhaa zinazosomeka. Na ukiambiwa ujitolee, uliza maswali matatu bila haya: kwa muda gani, nauli na chakula ni vya nani, na nani mwingine hapa anajitolea? Ukikuta mkurugenzi analipwa na mfagizi analipwa, na wewe wa katikati hulipwi, umejibiwa.

Kwa chama chetu nina ombi kubwa zaidi. Ubao wetu wa matangazo umekuwa dalali wa kazi ya bure. Muhula uliopita pekee nilihesabu matangazo manne ya namna hiyo, mawili yakiwa na muhuri wetu. Nimewasilisha kwa katibu pendekezo la azimio lenye mambo mawili. La kwanza, chama kisibandike tangazo lolote la kujitolea linalozidi miezi mitatu, wala lisilotaja nauli na chakula, isipokuwa kwa vikundi vya vijijini visivyo na mfanyakazi yeyote wa mshahara. La pili, tuwe na orodha ya wanachama wanaoweza kutafsiri na kuhakiki maandishi ya umma, pamoja na bei kwa kila neno, orodha hiyo ipelekwe katika ofisi za Migori na Homa Bay, na kwingineko wanachama watokako. Bei hiyo tuipange pamoja, ili pasiwe na mmoja wetu anayemshusha mwenzake kwa kusema atafanya bure.

Mama alipopata habari kwamba naandika makala haya aliniuliza kama nitawataja wale watu kwa jina. Nikamwambia la. Akasema ni vyema, kwa kuwa mmoja wao bado hununua omena kwake, tena halipi papo hapo.

Azimio litajadiliwa katika mkutano mkuu wa muhula huu. Nakala imebandikwa ubaoni, na chini yake pameachwa nafasi ya sahihi.